Televisheni ya Mtu Aliyekaa Mkekani

Dafroza mwanangu,

Mchana umeniambia televisheni ni televisheni, ukanyanyuka mezani na sahani yako ikiwa nusu. Sikukufuata. Nilijua nikikufuata tutabishana, na tukibishana nitashinda, na mimi nimechoka kushinda. Ndiyo maana nakuandikia. Barua unaweza kuikunja katikati ya sentensi ukaitia kwenye mkoba, ukaimalizia mbele ya safari ukiwa umetulia. Mdomo wangu haukunjiki, hilo unalijua tangu utoto.

Kesho unapanda treni. Sitakuandikia habari za chakula cha njiani wala namna ya kuishi na mwenye nyumba. Umelelewa na mama anayeunguza maharage kwa sababu anabishana na redio. Mambo ya nyumba ulijifunza mwenyewe, ukanizidi. Uuguzi, kazi unayoiendea, siujui kabisa. Nakuandikia kuhusu televisheni tu. Najua hapo umesema, Mama ameanza. Ndiyo, nimeanza.

Umeamua mshahara wako wa kwanza wa Dodoma umnunulie Bibi televisheni mpya, uitume kwa basi mpaka Mpanda, mimi niifikishe kwake Katumba. Nikiwa na umri wako sikuwahi kuamua jambo zuri namna hiyo. Ukanionyesha kwenye simu ile uliyoichagua: inchi sitini na tano, 4K kwa maandishi ya dhahabu, na kasuku mwekundu anayetaka kutoka nje ya kioo. Nikasema hiyo hapana. Ukaniuliza kwa nini, nami nikaanza kukueleza jinsi wafanyabiashara wa dunia wanavyotudharau watu wa huku. Lilikuwa kosa. Nilipaswa kuanza na Bibi. Ngoja nianze naye sasa.

Unajua Bibi ana mdogo wake aliyebaki Burundi, Bibi Spesioza. Mwaka ule wa kukimbia mauaji kuja huku, Bibi alikuwa ameolewa, na mimi niko tumboni. Spesioza alikuwa msichana mdogo, siku hiyo yuko kwa shangazi yao ng'ambo ya bonde, na hapakuwa na nafasi ya kumpitia. Hawajaonana tangu hapo. Nimemwambia Bibi mara nyingi twende, nitatafuta likizo nimpeleke mwenyewe. Hujawahi kusikia jibu lake, maana hulitoa tukiwa wawili tu. Anasema, "Njia ile niliitembea kwa miguu nikiwa na wewe tumboni. Sina hamu ya kujua ni fupi kiasi gani kwa gari." Na Spesioza naye miguu yake imevimba, hatoki nje ya ua.

Kule kijijini kwake mtandao haubebi picha. Sauti yenyewe inafika imekatika. Kwa hiyo mjomba wako Zakaria, akienda Kigoma kufuata dagaa, hukutana na mjukuu wa Spesioza na kuletewa video zilizorekodiwa kwa simu. Ndizo salamu zao. Bibi hataki kuzitazama kwenye simu. Anasema simu ni tundu la panya, mtu hawezi kumwona ndugu yake kupitia tundu la panya. Ndipo nikaamua kumnunulia televisheni, mwaka ule ulipoanza chuo.

Niliinunua hapa mjini Mpanda. Zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zinaonyesha samaki wa rangi, barafu, na tunda limekatwa kati. Nikasimama katikati, macho sawasawa na kioo, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikauliza maswali ya mtu aliyesoma. Ina 4K? Ina. Nikasoma boksi lote mpaka maonyo ya chini kabisa. Nikatoka na boksi nikijiona mjanja, kwa sababu walimu wenzangu walikuwa wananunua kwa kutazama ukubwa tu, na mimi nilikuwa nimetazama nukta zinazounda picha. Nilishawaeleza ofisini: nyie mnanunua ukubwa wa shamba, mimi nahesabu miche.

Zakaria akaipigilia juu, karibu na kenchi za paa, kwa sababu ya watoto na mchwa. Tukachomeka flashi yenye salamu za Spesioza. Sebule ilijaa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mbele, kile chenye kitambaa cha kufuma, kwa sababu nyumbani kwa Bibi mwalimu hukaa kwenye kiti. Bibi alikaa anapokaa siku zote, mkekani, pembeni karibu na mlango, mahali pa mwanga wake wa kuchambulia maharage. Mimi nikaona mama mzee amekaa kwenye kivuli cha mlango wake, anasema na mkono unapunga. Picha haikuwa nzuri kama ya samaki, lakini nilimwona mtu. Nikamgeukia Bibi nikamuuliza kama anamwona mdogo wake.

"Nakiona kitenge," akasema. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia huyo hapo, katikati.

"Kitenge kimekaa kwenye kigoda, na kitambaa cheupe kiko juu. Katikati hakuna mtu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, mimi nilifanya kibaya zaidi, nilimweleza. Nikamweleza habari za uzee wa macho mbele ya majirani zake. Wiki iliyofuata nikampeleka kliniki ya macho. Mtaalamu akamwekea zile alama zinazotazama huku na huku, Bibi akawa ananyoosha kidole kila moja inakoelekea, mstari baada ya mstari, mpaka zile ndogo kama chawa. Kijana yule akaniambia, "Mwalimu, kwa umri wake mama yako anaona vizuri. Labda tukupime wewe." Nikabishana naye. Nilitoka pale nimeshinda, maana alikuwa na foleni na mimi nilikuwa na muda.

Basi kama si macho, nikaamua ni mazoea. Nikamwambia Bibi hajazoea televisheni, akili yake inatafuta picha kama ya ukutani kanisani, taratibu atazoea. Nilisema kwa upole, Dafroza, kwa upole ule wangu ambao hauachi mlango wa kutokea. Na Bibi akazoea. Kila Zakaria alipoleta salamu mpya nilimuuliza, umemwona? Akajibu, nimemwona. Amenenepa? Amenenepa kidogo. Nilifurahi. Nilirudi mjini nikawaambia wenzangu kwamba mtu wa kijijini ukimweleza vizuri anaelewa.

Mwaka jana alifariki jirani yake, mzee Filipo. Ulikuwa kwenye mitihani, hukuja. Unajua msiba wa Katumba: viti vya nyumba zote za karibu hubebwa kwenda kwa wafiwa, vikapangwa uani kwa wanaume na wageni, na nyumba zinazobaki hazina pa kukalia ila chini. Tulipotoka makaburini Bibi alikuwa amechoka, nikamrudisha kwake apumzike. Sebule ilikuwa tupu. Hata kile kiti cha kitambaa cha kufuma kilikuwa kimekwenda. Nikakaa mkekani karibu naye, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha. Zakaria alikuwa amekuja kwa ajili ya mazishi, na alikuwa na salamu za Spesioza mfukoni. Akachomeka, akarudi msibani.

Nilitazama juu. Dafroza, niliona kitenge. Niliona kitambaa cheupe. Katikati palikuwa na shimo, kama mtu amechukua kisu akamkata mzee wa watu uso wake na kuacha giza la chumba cha nyuma. Sauti ilikuwa inaongea. Mkono ulikuwa unapunga, na mkono nao ulikuwa kipande cha giza kinachotembea. Kuta nyuma yake zilikuwa zimegeuka rangi ya maziwa yaliyoharibika. Nikasogea kidogo upande wa mbele, uso ukajitokeza kidogo. Nikarudi mkekani, ukapotea.

Bibi alikuwa anatazama hapohapo, ametulia, mikono mapajani. Nikamuuliza siku zote ni hivi?

"Siku zote."

Nikamuuliza kwa nini alikuwa ananiambia amemwona.

"Nilikuambia simwoni. Ukasema ni macho. Tukapima. Ukasema ni akili." Alisema bila hasira, kama anayetaja vijiji vya njiani. "Wewe ukibishana unachoka, mwanangu. Nikaona nikupumzishe."

Nimesoma vitabu vingi, nimeandika mengi dhidi ya watu wanaowasemea wengine wasichokiona. Nimefundisha watoto wa watu kwamba mwenye kukaa juu hajui habari za aliye chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa kwenye kiti katika nyumba ya mama yangu mzazi. Sitaongeza neno hapo. Nakueleza tu ili ujue barua hii inatoka wapi.

Siku hiyohiyo jioni, viti viliporudishwa, nilijaribu la haraka. Nikamwinua Bibi nikamkalisha kwenye kiti cha mbele. Akaona kidogo zaidi, lakini miguu haikufika chini, na akaniambia kiti kile ni cha wageni na yeye si mgeni. Nikaishusha televisheni kutoka kwenye kenchi nikaiweka juu ya stuli. Ikasaidia, ile hali ya picha kugeuka ikapungua. Lakini uso uliporudi ulikuwa doa jeusi lisilo na macho wala pua. Nikaongeza mwanga kwenye mipangilio. Doa likawa majivu. Nikapunguza, likawa masizi. Kati ya majivu na masizi hapakuwa na mtu. Halafu nikachukua video ileile nikaiweka kwenye simu yangu ndogo, na pale, kwenye tundu la panya, Bibi Spesioza alikuwepo mzima: mikunjo miwili kando ya mdomo, pengo la jino, jicho moja dogo kuliko lingine. Aliyerekodi hakuwa na kosa. Uso ulikuwemo ndani ya flashi siku zote, kioo ndicho kilichoshindwa kuutoa.

Baada ya hapo nilisoma. Unanijua. Nilisoma mpaka nikachukia herufi ile K. Nitakuandikia kwa ufupi niliyoyaelewa, na ukiona naongeza chumvi, ruka.

Boksi linahesabu nukta. 4K maana yake ni nukta kama milioni nane, na hilo huwa kweli mara nyingi, ingawa kuna maboksi mengine ambayo televisheni iliyomo inaweza kupokea picha ya 4K huku kioo chake chenyewe hakina nukta hizo. Lakini hata zikiwepo zote, boksi halikuambii kila nukta inaweza kusema nini. Hilo ni la paneli, yaani kioo chenyewe na taa zilizo nyuma yake. Nukta ya paneli mbovu inajua nyeupe, inajua nyekundu ya kasuku, na ikifika kwenye giza inajua neno moja tu: giza. Nukta ya paneli nzuri inajua giza la nywele, giza la shavu, giza la chini ya kidevu, na kila moja ina mahali pake. Uso wa Bibi Spesioza kwenye kivuli cha mlango umejengwa wote kwa tofauti hizo ndogo. Paneli ikizimeza, imemmeza yeye.

Sasa niambie, wewe uliyeona maduka mengi kuliko mimi: umewahi kuona duka linatangaza televisheni kwa kuonyesha mwanamke mweusi amekaa kivulini? Mimi sijawahi. Naona samaki, naona theluji, naona nanasi. Vitu ambavyo hata kioo kibovu kinaviweza, tena wamezidisha rangi na mwanga makusudi kwa ajili ya dukani. Halafu tunavileta vioo hivyo kwenye nyumba zetu, tunawasha harusi zetu na misiba yetu, na tunaona nguo zinacheza zenyewe. Na tunasema aliyerekodi hajui kazi. Au tunasema ni macho ya bibi. Hapo nina hasira, na hasira hiyo nitakufa nayo, usijaribu kunitibu.

Kuna aina za paneli, na hakuna iliyo malaika. Nyingi madukani ni za aina mbili. Moja weusi wake ni weusi kweli ukikaa mbele, picha ina kina, lakini ukienda pembeni rangi zinapauka. Nyingine inavumilia mtu wa pembeni, lakini weusi wake una ukijivu, hasa chumba kikiwa na giza. Ile yetu ya kwanza ilikuwa ya kundi la tatu, za bei ya chini kuliko zote, ambazo ukizitazama kutoka chini zinageuza picha kabisa, na mimi ndiye niliyeiacha ipigiliwe kwenye kenchi juu ya kichwa cha mtu wa mkekani. Zipo na zile ambazo kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, hazina taa nyuma. Hizo weusi wake ni kamili na mtu wa pembeni anaona sawa na wa mbele. Ni ghali, na katika sebule ambayo mlango uko wazi mchana kutwa baadhi yake mwanga wake hautoshi, tena kioo kinang'aa mpaka unajiona mwenyewe.

Sebule ya Bibi unaijua. Mlango wazi, dirisha moja, bati linalotoa joto, na yeye pembeni. Kwa hiyo usitafute iliyo bora duniani. Tafuta inayomfaa mtu aliyekaa chini, pembeni, mchana, mlango ukiwa wazi. Nadhani ni ile ya aina ya pili, inayovumilia pembeni, yenye taa kali na kioo kisichong'aa sana, hata kama weusi wake si kamili. Nasema nadhani. Ni neno gumu kwangu, lakini nimeliandika, umeliona.

Ukubwa usikudanganye. Uliniambia mchana, Mama, hii ni kubwa mara mbili, Bibi ataona tu. Doa ukilikuza unapata doa kubwa. Na zile nukta milioni nane haziongezi kitu ambacho simu ya mjukuu wa Spesioza haikurekodi. Bora inchi arobaini na tatu yenye uso kuliko sitini na tano yenye kitenge.

Nilijaribu hapa Mpanda kabla ya kukusumbua wewe. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Masanja, yule mwenye duka karibu na soko. Nikamwomba azime matangazo yake achomeke video yangu. Akachomeka. Halafu nikakaa sakafuni, pembeni, karibu na majokofu.

Masanja akaja mbio. "Mwalimu, umeanguka?"

Nikamwambia hapana, natazama televisheni.

"Viti vipo, Mwalimu. Watu wakikuona hapo watasema nimekuuzia kitu kibovu ukazimia."

Nikamwambia kama si kibovu asiwe na wasiwasi. Akasimama, akatazama ninakotazama, naye akaona. Nilikaa hivyo mbele ya kila televisheni aliyokuwa nayo. Wanafunzi wangu wawili walipita nje, wakasimama dirishani, nadhani habari ilifika shuleni kabla yangu. Mwisho Masanja mwenyewe alichuchumaa karibu yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba ananiheshimu, lakini watu hununua televisheni wakiwa wamesimama. Nikamwambia na huzitazama wakiwa wamekaa, na wengine wamekaa chini. Hakuwa nayo ninayoitaka. Hakunidanganya, na kwa hilo ninamshukuru.

Sasa sikiliza sehemu hii, kwa sababu mchana sikukwambia, nilikuwa nashughulika kushinda.

Macho ya Bibi sasa yameanza kweli. Ni presha ya macho. Nilimrudisha kliniki baada ya Pasaka, kwa sababu alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti alichokivuka maisha yake yote. Wewe ni muuguzi, unajua maana yake: kinachopotea hakirudi, matone yanapunguza mwendo tu. Kinachoanza kumtoka ni pembeni, na tofauti za giza na giza. Yaani zile zile. Miaka aliyokuwa na macho mazuri nilimpa kioo kibovu na kumwambia ni macho. Sasa macho yanaondoka na kioo kibovu bado kiko kwenye stuli. Hatuna nafasi ya kukosea mara mbili. Ukituma ile ya kasuku, na ikawa kama ya kwanza, mpaka uje upate nyingine huenda hakuna kioo duniani kitakachomfaa.

Usiseme nimekutisha. Nimekuambia wewe kwa sababu nduguzo nikiwaambia watalia, na wewe utafanya kitu.

Na kuna hili. Salamu za mwisho alizoleta Zakaria hujazisikia. Bibi Spesioza hazungumzii mihogo wala watoto kama siku nyingine. Amekaa mlangoni kwake, anavua kitambaa cha kichwa, nywele nyeupe zote, na anasogea karibu na simu. Anasema kwa Kirundi, polepole, "Dada, nitazame vizuri. Nimefanana na mama sasa." Halafu anakaa tu, anatazamwa. Mtoto anayerekodi hazimi.

Bibi aliomba irudiwe. Alisogea mkekani mpaka karibu na stuli, akainua uso kama mtu anayenusa mvua. Ikarudiwa tena. Mama yao aliuawa mwaka ule wa kukimbia, hawana picha yake hata moja. Bibi amenieleza kwamba uso wa mama yake ulishamtoka, anakumbuka mikono tu na namna alivyokohoa. Na sasa kuna mtu mmoja duniani aliyeuvaa uso ule, amekaa anasema nitazame, na Bibi anaona kitambaa kinavuliwa na hakuna kichwa.

Simu aliikataa kama siku zote, nikajaribu kumsimulia. Nilikuwa na simu mkononi, naona kila kitu. Nikaanza: mashavu yameingia ndani, kidevu ni cha mviringo, jicho la kushoto dogo. Akaniwekea mkono gotini. "Acha, mwanangu," akasema. "Wewe ukinisimulia kitu nakuona wewe unavyosimulia. Yeye simwoni."

Ni kweli. Hata kwenye karatasi hii umeniona mimi zaidi kuliko yeye. Ndivyo nilivyo, na nimechelewa kubadilika. Lakini wewe hukuwa hivyo tangu mtoto. Ulikuwa unarudi kutoka kisimani unaniambia, nimeona ndege, ana kichwa chekundu, amekaa. Basi. Nami nilimwona ndege. Nilikuwa nakusahihisha kwa sababu hukutaja aina yake.

Ukifika Dodoma na ukapata nafasi, nenda madukani, usiagize kwa picha. Usisimame pale muuzaji anapokusimamisha. Nimekutilia flashi kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba. Haina kingine ila salamu hizo za mwisho. Mwambie azime mapambo yake, aondoe zile rangi za dukani, achomeke yako. Akikataa, toka, usibishane, huko ni kupoteza nauli. Akikubali, sogea pembeni, ukutani, ukae sakafuni na nguo zako nzuri za kazini. Watacheka. Wacheke. Kaa hivyo mpaka kitambaa kivuliwe.

Ukimwona, hapo hapo nipigie. Usiniambie ni inchi ngapi wala jina la kampuni. Nitakuwa Katumba, mkekani, nimenyamaza, na simu atakuwa ameishika Bibi. Mwambie yeye unachokiona, kama ulivyokuwa unasema habari za ndege.

Mama yako